Gari la kulala likigoma Karamoja: dalili, chanzo na la kufanya

Uganda haina jangwa kamili. Ina Karamoja, eneo kame la kaskazini mashariki, na kwa gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, Karamoja inatosha. Kuanzia Novemba hadi Machi jua ni kali, nyasi zimekauka, mito imebaki vitanda vya mchanga. Mvua zikirudi Aprili, vumbi lile lile linageuka tope la kunata. Lami inakufikisha Moroto, ukitokea Mbale kupitia Muyembe na Nakapiripirit, au ukitokea Soroti kupitia Katakwi. Ukishaelekea Kotido, Kaabong na Karenga hadi lango la hifadhi ya Kidepo, hapo ndipo gari huanza kueleza hali yake.

Maelezo haya ni ya gari la kulala la aina yoyote: Hiace iliyokuwa takisi ikang'olewa viti na kuwekwa godoro, Canter iliyojengewa sanduku nyuma, au lori la Mzungu lililoingia kutoka Kenya kwa njia ya Lodwar na Lokitanyala. Bei zao hazikaribiani, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Ni mazito, na uzito wenyewe umekaa juu na nyuma. Fundi wa mjini akisikia gari limekwama au limechemka hukimbilia injini. Mimi naanzia chini: udongo ni wa aina gani, tairi zina upepo kiasi gani, mzigo umekaa wapi. Injini ni ya nne kwenye foleni.

Jambo la sheria kabla ya yote: ndani ya hifadhi za taifa huruhusiwi kuacha njia iliyopo. Ukiona mbele pamekuwa pabaya, usijichongee njia ya pembeni kwenye nyasi. Geuza, au ngoja.

Gurudumu linazunguka, gari haliendi

Ondoa mguu kwenye mafuta. Kila mzunguko wa bure unachimba shimo, na gari la tani tatu likishakalia difu kazi inakuwa ya nusu siku. Tazama pande zote kabla ya kufungua mlango, maana Kidepo ina simba na nyati. Kama umepanda na askari wa hifadhi, mwache ashuke yeye kwanza. Kisha shuka uchukue udongo mkononi.

Ukipita katikati ya vidole, huo ni mchanga. Ukigandamana ukabaki na alama za vidole, na viatu vyako vimeota soli ya pili, huo ni udongo mweusi wa mbuga. Dalili ni moja lakini matibabu yanapingana, na wengi hupoteza siku nzima hapa kwa kutumia dawa ya mchanga kwenye tope.

Kwenye mchanga, chanzo karibu kila mara ni upepo mwingi kwenye tairi. Tairi iliyojaa ni nyembamba pale inapogusa ardhi, kwa hiyo inazama. Ukipunguza upepo, tairi inarefuka chini na kubeba uzito kwenye eneo kubwa zaidi. Gari dogo la foo-wili linalotembea na psi 35 barabarani hushushwa hadi 18 hivi. Hiace au gari la tani tatu na nusu lenye 50 au 55 anzia 28, uangalie. Usiende chini ya 15, maana ukikata kona tairi linaweza kuvuka ukingo wa ringi, na kulirudisha huko porini ni adhabu.

Canter na ndugu zake wenye tairi pacha nyuma wana hesabu yao. Ukipunguza sana, mbavu za tairi mbili zinagusana, zinasuguana, zinapata joto na kupasuka zote mbili kwa pamoja. Punguza kidogo kidogo huku unachungulia nafasi iliyo katikati yake, na ukiona inakaribia kufungana, simama hapo. Kama bado gari linazama, suluhisho litoke kwenye mzigo.

Baada ya upepo, sepetu. Usichimbe mbele ya gurudumu tu. Toa mchanga ulio chini ya difu na chini ya tumbo, maana huo ndio unaoshika gari. Nyoosha usukani: gurudumu lililogeuzwa upande linasukuma mchanga mbele yake na kuwa breki. Weka vibao vya kukwamulia kwenye magurudumu yanayovuta, upande unakoelekea. Abiria wote washuke. Halafu jaribu kurudi nyuma kwanza, kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu pale mchanga umeshakandamizwa. Ukienda mbele, gia ya pili, mafuta taratibu, bila papara. Ikishindikana, chimba tena, usiongeze mafuta.

Madereva wa magari mapya ya Ulaya hukutana na kioja kingine: wanakanyaga mafuta na injini inakataa, kama imepoteza hamu. Injini haina kosa. Ni mfumo wa kuzuia utelezi unaona magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti, basi unakata nguvu. Kuna kitufe cha kuuzima, kwa kawaida chenye picha ya gari na mistari ya nyoka. Kizime kabla ya kuingia mchangani, ukiwashe tena ukishatoka.

Sasa uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 lililowekwa nyuma ya ekseli ni sawa na kumbebesha mtu mzima na begi lake kwenye bampa. Ukikwama vibaya, utasikia mtu akikushauri umwage maji. Karamoja? Yahamishie kwenye jerikeni, uyashushe pembeni, utoke, kisha uyarudishe. Mtungi wa gesi, betri ya akiba na sanduku la vyuma navyo vishuke. Ni kazi ya kuudhi, na ndiyo inayonasua magari mengi kuliko winchi.

Njia ya kwenda chemchemi za moto za Kanangorok inakupeleka kwenye mto Kidepo, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Vuka asubuhi, mchanga ungali baridi na mgumu. Saa saba mchana mchanga huo huo ni mwingine. Punguza upepo kabla ya kuingia, si baada ya kukwama, na ukishaanza kuvuka usibadilishe gia katikati.

Udongo mweusi ni hadithi nyingine. Kiangazi ni mgumu na una nyufa za kuingia mkono, unapita juu yake bila kufikiri. Mvua ya saa moja ikinyesha unajaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kabisa, halafu unajaza madigadi hadi gurudumu lisizunguke. Kupunguza upepo hapa kunasaidia kidogo sana, kwa sababu tatizo ni utelezi, si kuzama tu. Kilichopo ni kukwangua madigadi kwa kijiti au panga, kukaa juu ya mgongo wa barabara badala ya kwenye mifereji, na kwenda kwa mwendo mmoja bila kushika breki. Minyororo ya tairi, ambayo watu hudhani ni ya theluji tu, inafanya kazi vizuri kwenye udongo huu.

Lakini dawa halisi ni jua. Chemsha chai. Mvua ikikatika asubuhi, mara nyingi jioni au kesho yake ganda la juu linabeba gari. Dereva wa lori anayeijua Karamoja humwoni akihangaika na tope lenye umri wa saa mbili tu. Amelala chini ya lori lake.

Ukivutwa na gari jingine, kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikamana na chasisi. Kamwe usiifunge kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela: kikikatika kinaruka na kuua. Watu wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe.

Mkia unagota ukitoka korongoni

Sanduku refu lililozidi nyuma ya ekseli ndilo chanzo, na hakuna cha kurekebisha njiani. Jaza mawe au vibao chini ya magurudumu ya nyuma ili mkia uinuke, au lainisha ukingo kwa sepetu. Kupanda kwa mshazari kunasaidia gari fupi. Gari refu na la juu linaweza kulala ubavu. Kabla ya safari, ondoa chochote kinachoning'inia nyuma: ngazi, bomba la maji machafu, baiskeli.

Sindano ya joto inapanda

Jiulize kwanza inapanda lini.

Ikipanda mchangani au mlimani kwa mwendo mdogo na kushuka ukikimbia, hewa haipiti ya kutosha kwenye rejeta. Ikipanda ukikimbia kwenye lami na kutulia ukienda polepole, maji hayazunguki vizuri: rejeta imeziba ndani, au pampu ya maji imechoka. Ikipanda wakati wowote na maji yanapungua, kuna mahali panavuja, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukiona mapovu yanachemka ndani ya rejeta injini ikiwa bado baridi, safari imeishia hapo.

Huduma ya kwanza: geuza pua ya gari ielekee upepo unakotoka, zima eya kondishena, washa hita ya ndani hadi mwisho na feni yake kwa nguvu zote. Utaungua jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Toa gia, acha injini izunguke juu kidogo ya kawaida. Sindano ikianza kushuka, umenusurika. Ikiwa mvuke unatoka au sindano imegoma kwenye nyekundu, zima. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu, na maji baridi hayamwagwi kwenye injini ya moto.

Kwa nchi hii, hata hivyo, kuna mshukiwa mmoja anayestahili kukamatwa kabla ya wote: mbegu za nyasi. Mvua zikiisha, nyasi za Karamoja zinafika kifuani na njia nyingi za hifadhini zina mgongo wa nyasi katikati. Ukipita, mbegu zinanyonywa na feni na kujipanga kwenye mapezi ya rejeta. Ukichungulia kutoka mbele huoni kitu, kwa sababu zimejificha kwenye ule mwanya kati ya kondensa ya eya kondishena na rejeta. Fungua kava ya juu, mulika tochi katikati. Kuziondoa, puliza upepo au maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na zilikoingilia. Maji ya nguvu nyingi yanalaza mapezi, na hapo umeongeza tatizo.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Nunua wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, ukate ukubwa wa grili, ufunge mbele kwa waya. Kila ukisimama unaukung'uta.

Nyasi hizo hizo zinachoma magari. Zinajikusanya juu ya ekzosi, juu ya bamba la kukinga injini, na hasa kwenye kichujio cha moshi cha magari mapya ya dizeli, ambacho chenyewe huongeza joto kila kinapojisafisha. Zikikauka zinashika moto ukiwa unaendesha, na utajua umechelewa. Ukipita kwenye nyasi ndefu, simama kila baada ya mwendo mfupi, ulale chini, uvute kila jani ulionalo. Simama mahali palipo wazi, si juu ya nyasi. Kizima moto kikae karibu na dereva. Nyuma ya godoro hakimsaidii mtu.

Kama rejeta ni safi, angalia feni. Ile inayoendeshwa na mkanda wa injini ina kichwa chenye mafuta mazito ndani: injini ikiwa moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka mara kadhaa bila upinzani, mafuta yake yamekwisha. Feni ya umeme unaijaribu kwa kuwasha eya kondishena. Ikikaa kimya, anza na fyuzi.

Na thamostati, kile kivali kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, iachwe mahali pake. Mafundi wetu wana mazoea ya kuitoa na kuitupa kila gari likichemka, na kwa wiki moja mteja anafurahi. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake inakunywa mafuta na kuchakaa mapema.

Nguvu zimepungua

Tazama rangi ya moshi.

Moshi mweusi na gari zito kupanda: injini inakosa hewa. Fungua kisafisha hewa, kiinue juani, uchungulie kutoka ndani. Usipoona mwanga kati ya mikunjo, kimeziba. Kikung'ute taratibu mkononi, kipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na usikioshe kwa maji kama ni cha karatasi. Beba kingine kipya. Vumbi la Karamoja ni laini kama unga wa muhogo, na anayefuata gari jingine kwa karibu analila lote. Acha nafasi mpaka vumbi la mbele litawanyike.

Moshi mweupe, injini inasitasita, inakata mlimani: shaka mafuta yenyewe. Maji kwenye dizeli ni jambo la kawaida pale mafuta yanapokaa kwenye mapipa na jerikeni. Chini ya filta ya dizeli kuna kibonyezo au skrubu ya kumwagia maji. Weka chombo cha kioo chini, fungua, utaona maji yakikaa chini na dizeli juu. Mwaga mpaka itoke dizeli tupu, funga, kisha tumia pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu ndipo uwashe. Ukisahau hatua hiyo ya pampu, utaua betri kwa kupiga stata bure. Jaza tangi Moroto, na usiruhusu lishuke chini ya nusu kaskazini ya hapo hata kama unajua Kotido na Kaabong kuna vituo.

Magari ya Ulaya ya miaka ya karibuni yana shida ya ziada. Yametengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi 10 ppm, na Afrika Mashariki ilishusha kiwango chake hadi 50 ppm mwaka 2015. Kichujio cha moshi kinajaa haraka zaidi. Pia yanahitaji AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, na taa yake ikiwaka usiichukulie kama taa ya kuhimiza sevisi: ikiisha kabisa, gari litakataa kuwaka baada ya kuzimwa. Inunue Kampala, ubebe ya akiba.

Kila kitu kinatetemeka

Barabara ya muramu isiyopitiwa na greda inakuwa bati, mawimbi madogo yanayogonga gari mpaka meno yaume. Kuna shule inayofundisha kwamba ukikimbia kilomita 80 kwa saa utaelea juu ya mawimbi. Kwa pikapu tupu, labda. Kwa sanduku refu lenye uzito juu, ukielea maana yake tairi hazishiki ardhi, na kona ya kwanza au mbuzi wa kwanza atakuonyesha. Punguza upepo kwa robo, nenda 30 au 40, simama mara kwa mara.

Ukisimama, gusa shoku zote kwa tahadhari. Zote ziwe moto. Iliyo baridi ndiyo imekufa, kwa sababu haifanyi kazi. Yenye mafuta ubavuni iko njiani kufa. Kagua nati za magurudumu na vishikizo vya betri.

Kisha ingia ndani, maana bati linabomoa nyumba kabla ya gari. Dalili ambayo watu huipuuza ni pampu ya maji kulia yenyewe usiku wakati mabomba yote yamefungwa. Pampu huwaka presha ikishuka, kwa hiyo maji yanatoka mahali: kiungo cha bomba kimelegea, mara nyingi chini ya sinki au nyuma ya choo. Usiposhughulikia, asubuhi tangi ni tupu na mbao za sakafu zimelowa. Kama hakuna tone popote, vali ya ndani ya pampu imeshika uchafu.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Fungua milango, funga mtungi, toka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, ndiyo sababu tundu la usalama la kabati ya mtungi liko chini na halitakiwi kuzibwa hata kama linaingiza vumbi. Hewa ikishasafishika, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Panapotoa mapovu ndipo penyewe. Ukiendesha, mtungi uwe umefungwa daima.

Vumbi linaingia ndani ya nyumba

Watu huziba milango kwa utepe, na vumbi linaendelea. Chanzo kiko kwenye hewa: sanduku linalosonga linaacha ombwe nyuma yake, na vumbi la magurudumu linavutwa kupitia kila upenyo wa nyuma. Fanya kinyume. Funga madirisha yote ya nyuma na ya ubavuni, fungua kidogo tundu la paa linaloelekea mbele, au washa feni ya ndani ivute hewa ya nje. Ndani kukiwa na msukumo kidogo, vumbi halipati njia. Matundu ya jokofu la gesi yawekewe kitambaa ukiwa mwendoni tu, na kitolewe kabla ya kuliwasha.

Taa za ndani zinafifia, jokofu halipozi

Pima betri ya nyumba asubuhi kabla jua halijagusa paneli. Kwa betri ya kawaida ya risasi, volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, 11.8 ni kama tupu. Kisha washa injini upime tena pale pale. Ikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, inachajiwa. Ikibaki 12 na kitu, altaneta ni nzima lakini umeme hauvuki kuja nyuma: tafuta fyuzi kubwa iliyo karibu na betri ya mbele, relei, au waya wa ardhi uliolegezwa na bati. Futa paneli kwa kitambaa chenye maji. Vumbi jekundu linapunguza umeme.

Jokofu la kompresa likigoma, mara nyingi ni volti ndogo. Jokofu la gesi likigoma huku moto unawaka, gari limeegeshwa upande. Aina hiyo inategemea kimiminika kushuka chenyewe kwenye mabomba. Egesha sawasawa, upande wa jokofu ukiwa kivulini.

Tairi linapungua polepole

Miiba ya migunga. Usikimbilie kuing'oa ukiuona: mwiba uliokaa ndani unaziba tundu lake mwenyewe, na unaweza kukufikisha kwenye kivuli. Tema mate kwenye vali kwanza, maana vali iliyochoka inaiga pancha. Halafu sabuni kwenye uso wa tairi. Tundu la usoni linazibwa kwa uzi wa raba pale pale. Tundu la ubavuni halizibiki kwa uzi, badilisha tairi. Kwa tairi pacha, kagua kila usiku kama jiwe limekwama katikati yake na ulitoe, kwani likizunguka nalo linakata mbavu zote mbili.

Ringi za zamani za Canter na Fuso zenye duara la chuma la kufungia ni hatari kuzijaza upepo bila kizuizi. Hiyo kazi mwachie fundi mwenye kichanja cha chuma, Moroto au Kotido.

Mto uliokuwa mkavu una maji

Hakuna wingu juu yako na maji yanashuka. Mvua imenyesha mlimani, Moroto au Morungole, na inakuja kwa kasi ikibeba miti. Usipige kambi kwenye kitanda cha mto hata kama mchanga unaonekana laini na kivuli ni kizuri. Ukikuta maji, egesha juu, weka jiwe ukingoni penye mwisho wa maji, ulitazame. Mafuriko ya namna hii kwa kawaida hupungua ndani ya saa kadhaa. Yakipungua, kumbuka kwamba sakafu ya mchanga uliyoijua jana si hiyo tena: mtu apite kwa miguu kwanza na fimbo, au msubiri lori litangulie.

Kabla ya kuondoka mji wowote, uliza wanaojua. Tangu operesheni ya kunyang'anya silaha ya Usalama kwa Wote ilipoanza mwaka 2021, wanajeshi wametapakaa njia hizi, na Kiswahili ndicho lugha yao ya kazi. "Afande, habari ya kazi? Barabara ya Karenga iko namna gani?" Akikwambia, "Jana lori lilipita, leo mvua imepiga huko juu, mngoje kwanza," mnangoja. Yeye pia anajua mambo mengine ya usalama ambayo ramani ya simu haiyajui.

Sauti zisizosubiri

Mlio wa kusaga kwenye gurudumu unaoongezeka na mwendo: gusa kitovu cha gurudumu ukilinganisha na la upande wa pili. Kikiwa moto kupita kiasi na breki haijashika, beringi inakwenda. Ukiinua kwa jeki na gurudumu likicheza ukilishika juu na chini, usiendelee hata kilomita kumi. Gurudumu linaweza kutoka.

Gari kuinama upande mmoja ghafla baada ya mlio wa chuma ni jani la springi limekatika. Hili linavumilika. Inua chasisi kwa jeki, ingiza kipande cha mti mgumu kati ya ekseli na chasisi, kifunge kwa vipande vya tyubu ya zamani vilivyovutwa sana, huku ukihakikisha hakibani bomba la breki. Hamishia mzigo upande mzima. Rudi Moroto kwa kilomita 20 kwa saa, na kila kilomita tano shuka ukaze raba.